Patani ya joho refu la mawimbi: rangi tisa, na nguo bado inamwagika

Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyokosekana nitaieleza huko mbele. Patani yenyewe, yaani maelekezo ya kufuma kwa sindano za mkono, ni ya joho refu lisilo na vifungo, lililo wazi mbele, lenye mikono mipana inayoishia chini kidogo ya kiwiko. Kuanzia kwapani hadi karibu na kifundo cha mguu limejaa mawimbi ya rangi tisa. Unaipata kama faili la kupakua, yenye saizi tisa. Mimi nimefuma langu, kisha la dada yangu ambaye kifua na mabega yake ni makubwa kuliko yangu, kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyaona kwenye miili miwili tofauti kabisa.

Patani ya namna hii nimeitafuta kwa muda mrefu. Nyingi za nguo za rangi nyingi zina tatizo lilelile: kwenye picha zinapendeza, ukizivaa zinasimama kama ubao. Sababu si ngumu kuielewa. Ukifuma rangi mbili katika safu moja, ile usiyoitumia kwa wakati huo inapita nyuma ya kitambaa ikisubiri zamu yake, na kila inapopita inaongeza unene. Unajikuta umefuma kama nguo mbili zilizolaliana. Kwa sweta la baridi hilo ndilo tunalolitaka, maana linahifadhi joto na kukaa imara. Kwa joho linalotakiwa kuyumba mtu anapotembea, ni balaa. Njia nyingine ni kila rangi kuwa na bunda lake la uzi na kukaa mahali pake tu, bila kupita nyuma. Hapo unene hauongezeki, ila unafuma ukiwa na nyuzi kumi na mbili zinazoning'inia na kusokotana, na kila mpaka wa rangi ni mahali pa kuchungulia kama kuna tundu.

Mbunifu huyu amepita njia ya tatu. Kila safu ina rangi moja tu, mwanzo hadi mwisho. Kinachofanya mistari isiwe mistari ya kawaida iliyonyooka ni ufumaji wenyewe, unaoipinda. Missoni, familia ya wabunifu wa mitindo wa Italia walioanza 1953, walijenga jina lao lote juu ya mistari ya rangi inayopinda kwenye kitambaa chepesi, ingawa wao wanatumia mashine. Aliyeiandika patani hii ameyaleta mawazo ya familia hiyo kwenye sindano za mkono, na ameyaleta kwa akili.

Wimbi analotumia ni la zamani, la wafumaji wa visiwa vya Shetland huko Uskoti, na linakwenda kwa vitanzi 18, yaani zile pete za uzi zinazokaa kwenye sindano. Unafuma viwili viwili kwa pamoja mara tatu. Halafu unazungusha uzi juu ya sindano na kufuma kitanzi kimoja, unarudia hivyo mara sita. Kisha viwili viwili kwa pamoja mara tatu tena. Sita vimepotea, sita vipya vimezaliwa, hesabu inabaki 18. Pale vitanzi vinapopungua kitambaa kinavutwa upande mmoja, na pale penye matundu kinasukumwa upande wa pili, ndipo safu inapinda. Kinachonifurahisha ni kwamba kazi hiyo yote iko katika safu moja kati ya kila nne. Safu tatu zilizobaki unafuma tu, mazungumzo yanaendelea, mikono inajua njia.

Safu ya nne inafumwa upande wa nyuma kwa namna inayoacha tuta dogo upande wa mbele, na hapa ndipo nilipomwona mbunifu anayejua kazi. Patani inakuamuru ubadilishe rangi baada ya tuta hilo, kamwe si juu yake. Nilijaribu kwenye kipande kidogo njia zote mbili ili nijionee. Rangi mpya ikianza kwenye tuta, upande wa mbele unaona vidotidoti vya rangi ya zamani vimechanganyika na vya rangi mpya, na mpaka unaonekana mchafu. Ikianza safu inayofuata, mstari ni msafi kama umekatwa. Ni tofauti ya safu moja tu, na patani nyingi za kulipia na za bure hazisemi neno juu yake. Hii imeweka picha za hali zote mbili, karibu kabisa, unahesabu vitanzi kwa jicho.

Jambo la pili lililonishinda kwa uzuri ni namna joho linavyopanuka kuelekea chini. Patani nyingi zinaongeza vitanzi pembeni, na kwenye mawimbi hilo linaleta vurugu, kwa sababu unapata nusu wimbi, robo wimbi, na pembe zisizoeleweka. Hapa idadi ya vitanzi haibadiliki kuanzia kwapani hadi pindo. Kinachobadilika ni sindano. Juu unatumia ya mm 4, kiunoni unahamia ya mm 4.5, nyongani ya mm 5. Vitanzi ni vilevile 18, ila kila kimoja kimekuwa kikubwa kidogo, basi wimbi lote linapanuka taratibu na kitambaa kinazidi kulegea kadiri kinavyoshuka. Mtu akikutazama kwa nyuma haoni mahali ulipobadilisha. Anaona tu kwamba mawimbi ya chini ni mapana na yanacheza zaidi kuliko ya juu.

Sasa vipimo, na hapa naomba msiruke kurasa. Patani inataka vitanzi 22 na safu 30 kwa kila sm 10, kwa uzi mwembamba wa mita 400 kwa gramu 100. Huo ni ufumaji uliolegea makusudi. Uzi wa aina hiyo kwa soksi ungeukaza hadi vitanzi 28 au zaidi. Mkono ukikaza kidogo tu, hesabu inakugeuka: vitanzi 220 kwa kipimo cha 22 ni sm 100, lakini ukipata 24 una sm 92 hivi, na joho lililokusudiwa kufunguka mbele linabaki kama kizibao. Patani inataka ufume kipande cha sm 20 kwa sm 20, ukiloweshe, ukikaushe, halafu ukitundike usiku kucha kikiwa kimebanwa vibanio vya nguo kwa chini.

Hilo la kutundika ndilo lililonifanya niiamini patani hii. Joho la saizi yangu lilikula karibu mita 1,900, yaani chini kidogo ya nusu kilo ya uzi, na uzito wote huo unaning'inia mabegani na shingoni. Kila sm 10 nilizopima mezani kwenye kipande changu zilifika karibu sm 11 baada ya kutundikwa. Kwa sehemu ya mawimbi yenye sm 90, hizo ni sm 9 zaidi, na ndizo zinazoamua kama pindo litagusa kifundo cha mguu au litafagia sakafu. Mbunifu amelifikiria hilo: kuna jedwali dogo linalokuambia upunguze mawimbi mangapi kwa urefu kulingana na kipande chako kilivyovutika.

Kuhusu uzi, mchanganyiko wa sufu na hariri unaopendekezwa ni sahihi na sishauri kuukimbia. Sufu ina ukaidi wa kushika umbo la wimbi, hariri inaongeza uzito kidogo na ule mng'ao unaoonekana nguo inapogeuka. Pamba ni nzito na haina mvuto wa kujirudi, baada ya kuvaliwa mawimbi yanalala. Alpaka tupu, yaani manyoya ya mnyama wa Amerika Kusini, ni laini mno lakini inavutika bila kurudi, na kwa nguo ndefu hivi utakuwa unaikata pindo kila msimu. Sufu iliyotengenezwa ifuliwe kwa mashine inaweza kurefuka sana ikilowa, kwa hiyo ukiichagua, kile kipande cha kutundika usikose kukifuma.

Ukurasa wa rangi ni mfupi na mzuri. Hakuambii ununue zipi. Anakuambia upange mabunda yako kwa mwanga na giza, uyapige picha kwa simu, kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Mawili yakionekana kijivu kilekile, yasikae jirani, hata kama moja ni jekundu na lingine kijani. Mimi nilianza na nili iliyokolea begani, nikashuka kwenye zambarau, rangi ya kutu, chungwa iliyofifia, manjano ya haradali, kijani cha majani makavu, kijani cha bahari, buluu hafifu, na kijivu cha moshi kwenye pindo. Ukiwa umewahi kutazama kazi za Kaffe Fassett, yule mzaliwa wa San Francisco aliyehamia Uingereza miaka ya 1960 na kuwafundisha watu wengi kutoogopa rangi, utajua kwamba rangi nyingi zilizo karibu karibu zinatulia kuliko rangi tatu zinazopigana. Hapa mambo ni hivyohivyo. Rangi ya haradali peke yake ingepiga kelele, ila kati ya chungwa na kijani kikavu inakuwa kama taa.

Nifike kwenye nyota iliyokosekana.

Kwanza, chati, yaani mchoro wa visanduku unaoufuata unapofuma, imechorwa kwa rangi tu, bila alama. Ukiichapisha kwa wino mweusi, visanduku vitatu vya rangi tofauti vinakuwa kijivu kimoja, na mtu mwenye shida ya kutofautisha nyekundu na kijani hawezi kuitumia kabisa. Kuweka herufi ndani ya kila kisanduku kungemaliza jambo. Kwa patani iliyoandika vizuri vile kuhusu mwanga na giza, hili limenisikitisha.

Pili, haisemi lolote juu ya ncha za uzi. Rangi zinabadilika kila baada ya safu nne au nane, na kila badiliko linaacha ncha mbili. Hesabu mwenyewe hadi pindo. Ushauri wangu: ukingo wa mbele ufume kama bomba jembamba la vitanzi vitatu, na kila ncha uipitishe ndani ya bomba hilo unapoendelea, usingoje mwisho. Kama uzi wako ni sufu isiyofuliwa kwa mashine, unaweza pia kulowesha ncha mbili na kuzisugua viganjani hadi zishikane, ila hapo badiliko la rangi halitaangukia ukingoni kabisa, na jicho langu halilipendi.

Tatu, na hili ndilo zito, saizi kubwa zimekuzwa kwa kanuni moja kila mahali. Kifua kikiongezeka, na kina cha kwapa kinaongezeka kwa kiasi kilekile, kana kwamba mwenye kifua kipana lazima awe mrefu pia kutoka begani hadi kwapani. Kwa dada yangu kwapa lingeshuka hadi karibu na mbavu za chini, na akiinua mkono joho zima lingepanda. Nilifuma kina cha kwapa cha saizi mbili chini yake na kuongeza vitanzi chini ya kwapa ili nifikie upana wake wa kifua, ikakaa vizuri. Nilimwandikia mbunifu, akanijibu kwa heshima kwamba atalitazama. Mpaka naandika haya faili halijabadilishwa, kwa hiyo mwenye saizi kubwa apime kwanza kutoka begani hadi kwapani kabla ya kuanzisha kitanzi hata kimoja.

Pia jueni kwamba saizi zinaruka kwa wimbi zima. Vitanzi 18 kwa kipimo cha 22 ni sm 8 na kidogo, hakuna nusu. Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua ndogo. Joho liko wazi mbele, halihitaji kukutana, na likiwa dogo kidogo mabega yanakaa mahali pake na mawimbi yote yanakwenda nyuma ambako ndiko yanakoonekana.

Nani aifume? Aliyekwisha kufuma sweta moja la kuanzia shingoni kwenda chini ataiweza. Anayeanza kabisa afume kwanza skafu ya wimbi hilihili, vitanzi 36 na vichache vya pembeni, apate mdundo wa ile safu ya matundu. Lugha ya maelekezo ni safi, kila saizi ina rangi yake kwenye maandishi, na mwisho wa kila sehemu umeandikiwa unatakiwa kuwa na vitanzi vingapi, jambo linalookoa usiku mwingi.

Ukifika pindo, patani inasema funga vitanzi kama kawaida. Msifunge kama kawaida. Mfungo wa kawaida unalikaza pindo na kuyanyoosha yale mawimbi yote uliyoyafanyia kazi. Chukua sindano ya mm 6, funga kwa mkono uliolegea, lowesha joho kwenye maji ya uvuguvugu, likamue ndani ya taulo bila kulisokota, kisha lilaze na uchomeke pini moja kwenye kilele cha kila wimbi la pindo hadi likauke kabisa.