Pete ya tanzanite ya mama: dukani milioni 2.9, kwa fundi milioni moja na nusu

Mama amestaafu ualimu mwaka huu, sisi watoto tukasema tumchangie pete ya tanzanite, na kwa vile mi ndo nakaa Arusha kazi ya kuitafuta ikaniangukia. Mchango wote ulikuwa milioni moja na laki sita. Nimezunguka wiki mbili nzima, maduka matatu, broka (dalali wa mawe) mmoja na fundi sonara mmoja, naandika hapa nilichokiona maana kuna watu wanalipa mara mbili ya bei na hawajui. Majina ya waliotaka kunipiga sitaji, naeleza tu walivyofanya.

Duka la kwanza liko katikati ya mji, sio mbali na Mnara wa Saa, zuri kweli, viyoyozi, unapewa na maji ya kunywa. Pete niliyoipenda iliandikwa milioni 4.8, kabla sijasema chochote dada wa pale akaniambia leo kuna diskaunti asilimia 40 kwa hiyo ni 2,880,000 tu dada yangu. Sasa hapo ndo watu wengi wanalainika, unaona umeokoa karibu milioni mbili, kumbe hiyo bei ya kwanza ilibandikwa ili ikatwe. Nikamuuliza vitu viwili tu, jiwe lina karati ngapi na dhahabu ina gramu ngapi. Kwenye jiwe akasema moja na nusu, nikambana kidogo ikaonekana hiyo moja na nusu ni pamoja na vijiwe vyeupe vya pembeni, tanzanite yenyewe ni karati 1.3. Dhahabu alikuwa hajui, ikabidi aipime mbele yangu, ikatoka gramu 2.6 ya karati 18.

Hapa nisimame kidogo maana neno karati linachanganya watu sana. Karati ya jiwe ni uzito, karati tano ni gramu moja. Karati ya dhahabu ni usafi wake, 24 ndo dhahabu tupu, 18 maana yake robo tatu ni dhahabu iliyobaki ni madini mengine, na ndani ya pete utakuta mhuri 750. Ukiona 585 hiyo ni karati 14, ukiona 375 ni karati 9. Muuzaji akikwambia "pete ya karati 18" usifikirie anaongelea jiwe.

Nikatoka nje nikakaa nikapiga hesabu kwenye simu. Wiki hiyo masonara wa mjini walikuwa wananitajia kama laki mbili kwa gramu ya karati 18, kwa hiyo gramu 2.6 ni laki tano na ishirini. Ufundi tuseme laki na nusu, nimeweka kubwa makusudi. Toa hizo kwenye 2,880,000 inabaki 2,210,000, yote hiyo ni bei ya jiwe, gawa kwa 1.3 unapata milioni moja na laki saba kwa karati moja! Kwa jiwe ambalo kiukweli rangi yake ilikuwa ya kati. Sikurudi.

Duka la pili walinipa stori ya kwamba tanzanite ni adimu mara elfu kuliko almasi na mgodi unaisha karibuni kwa hiyo ninunue leo. Ni kweli inachimbwa Mirerani tu kule Simanjiro, tangu igunduliwe 1967 haijapatikana kwingine kwa kuchimbwa kibiashara, mi mwenyewe naona fahari juu ya hilo. Lakini adimu sio sababu ya kukurupuka. Mnakumbuka 2020 yule mchimbaji mzee Laizer alivyouzia serikali mawe mawili ya zaidi ya kilo 14 kwa bilioni 7.7? Gawa hiyo hela kwa karati, utaona inakuja laki moja na kidogo tu kwa karati ya jiwe ghafi. Sawa, jiwe ghafi likikatwa zaidi ya nusu ya uzito inaweza kupotea, kuna mkata mawe wa kulipwa, kuna kodi, na mwenye duka lazima ale. Hata ukijumlisha vyote hivyo, milioni moja na laki saba kwa karati kwa jiwe la rangi ya kati hapana. Hapo hapo duka la pili wakaniambia jiwe lao ni daraja la AAA. Nikauliza limepangwa na nani, kimya. Hizo A kila duka linajipangia lenyewe, AAA ya duka moja ni AA ya jirani, kwa hiyo usilipie herufi, lipia unachokiona kwa macho yako.

Na macho yako yaamini ukiwa nje sio ndani. Tanzanite chini ya taa ya njano inavuta zambarau, kwenye mwanga wa mchana inarudi kwenye bluu, na ukiigeuzageuza taratibu upande mmoja unaona bluu upande mwingine urujuani. Niliomba duka la pili nitoke na jiwe mpaka mlangoni kwenye kivuli wakakataa. Duka la tatu walikubali bila maneno, mpaka mlinzi akasimama na mimi, wale nawasifu, ila walikuwa na pete zilizokwisha tengenezwa tu na bei ilikuwa juu ya mchango wetu.

Broka nilikutana nae mtaani, kafungua kikaratasi, ndani jiwe kubwa linang'aa balaa, bei laki mbili. Nilikuwa na kioo cha kukuzia mara kumi, nikaangalia nikaona vitone vya duara kama mapovu ya soda, na kila nilivyoligeuza rangi ni ile ile moja. Hicho ni kipande cha chupa tu. Sisemi mabroka wote wako hivyo, wapo wenye leseni na wanaofanya kazi safi kabisa, muombe akuonyeshe leseni, na risiti usiiache hata ukibembelezwa upunguziwe bei, maana siku ukitaka kuliuza au kusafiri nalo nje bila karatasi utapata shida.

Ndo kuna jamaa mmoja mtaalamu wa vito akanipa akili iliyobadilisha kila kitu: nunua jiwe tupu kwanza, pete utengeneze baadaye. Jiwe likiwa kwenye pete huwezi kulipima uzito vizuri, chini pamefichwa na dhahabu, ufa hauonekani na rangi inaweza kusaidiwa na kitu kilichowekwa nyuma. Jiwe tupu unaweka kwenye mizani unasoma namba, basi. Nikapata moja la karati 1.62 kwa muuzaji mwenye leseni, laki nne na nusu kwa karati, jumla 729,000. Nikamwambia nalipa likipimwa kwanza, akakubali. Yule mtaalamu akachukua elfu 30, akaliweka kwenye kifaa kinachopima mwanga unavyopinda ndani ya jiwe, ikasoma 1.69 kuelekea 1.70, tanzanite halisi. Akaniambia limechomwa, nikashtuka, kumbe karibu yote yanachomwa, mengi yanatoka ardhini yakiwa ya kahawia na moto wa nyuzi 500 mpaka 600 ndo unaleta bluu. Sio kasoro, na wala sio kitu cha kupunguza bei. Ila mtu akikuuzia ghali kwa kusema lake halijachomwa, athibitishe kwa cheti cha maabara sio kwa mdomo.

Fundi ni mzee wa makamo, ana kibanda kidogo tu. Nilimwamkia, nikamwambia mzee wangu nataka kucha nne zilishike jiwe liinuke kama zile za kwenye picha, akaniuliza mama anapika mwenyewe? Nikasema ndio, anafua na kulima bustani pia. Akasema basi mwanangu kucha hapana, jiwe hili sio gumu kama yakuti, likigonga sufuria vibaya linapasuka, tulizungushie ukingo wa dhahabu pande zote na tulilaze chini. Angeweza kunyamaza afanye nilichotaka. Alipima dhahabu mbele yangu kabla na baada, gramu 3.1 ikawa 620,000, ufundi 120,000. Jumla kuu pamoja na kupima jiwe ni 1,499,000, jiwe kubwa kuliko la duka la kwanza na dhahabu nzito zaidi, na chenji ikatosha kitenge cha mama.

Kasoro ya fundi ni muda, aliniahidi Jumanne nikaipata Ijumaa, na simu alikuwa hapokei, hapo nilichukia kweli na ndo maana nampa nyota nne sio tano. Akanisisitiza mama aioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini tu, asikubali mtu aiingize kwenye ile mashine ya kusafishia ya mtetemo wala mvuke.

Mama alipoivaa ikagoma kwenye kiungo cha kidole, nikairudisha kwa yule mzee. Safari hii hakunizungusha, alilitoa jiwe kwanza akaliweka pembeni kwenye kitambaa ndo akashika moto, akapanua pete, akalirudisha, akakataa hela.