Mafuta ya langilangi toka Darajani, harufu safi ila kifuniko ndo shida

Jamani haya mafuta nimenunua duka moja pale Darajani, Unguja, yametoka Komoro, na harufu ni ileile ya ua la manjano kwenye kikuba cha bi harusi, tamu, nzito kidogo, ukijipaka jioni mpaka asubuhi kanga bado inanukia! Muuzaji anaijua kazi yake, kaniambia maua yanachumwa alfajiri na mafuta yanayotangulia kutoka maua yakipikwa kwa mvuke ndo ekstra, yani daraja la juu, ndo ghali. Jina lenyewe asili yake Ufilipino, ilang-ilang kwa Kitagalogi, linahusishwa na ilang yani porini. Hata manukato ya Chanel No. 5 ya 1921 yana langilangi. Ila kifuniko kinavuja, pochi yote imelowa, wabadilishe chupa jamani.