Sori ya Kiingereza: ni pole au ni samahani?

Mwingereza ana "sorry" moja kwa mambo mengi. Sisi tunayo mawili, na hapo ndipo tunapopishana naye. Mgeni akijikwaa pale Kariakoo, muuza maji anamwambia "pole!" Mgeni anashangaa: kwani ni wewe uliyenisukuma? Hajui kwamba pole haikiri kosa. Inambebea mwenzio uchungu tu: pole na kazi, pole na msiba, hata pole na foleni ya Mbagala. Anayepewa hujibu "asante" au "nimeshapoa".

Samahani ni ya mwenye kosa, au ya anayetaka kukusumbua kidogo. "Samahani dada, mwendokasi ya Kimara inasimama hapa?" Jaribu kuweka pole hapo uone utakavyotazamwa.

Cha ajabu, neno lao lilianzia upande wa pole. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sārig", yaani mwenye maumivu. Samahani yetu imetokana na Kiarabu, mzizi mmoja na kusamehe.

Halafu kuna "sori" ya kwenye daladala, ambayo mimi siipendi. Juzi kijana kanikanyaga kidole kilichong'oka kucha, akasema "sori mzee", macho kwenye simu. Hiyo si pole wala samahani, ni kelele tu. Mama aliyekaa dirishani ndiye aliyegeuka: "Pole baba, umeumia?"

"Asante mama, nimeshapoa." Nilikuwa sijapoa.