New Orleans: Dooky Chase's au Commander's Palace?

Kama una nafasi ya mlo mmoja tu wa Kikrioli (upishi wa huko uliochanganya asili za Kiafrika, Kifaransa na Kihispania) New Orleans, Marekani, nenda mgahawa wa Dooky Chase's, mtaa wa Tremé. Ipo tangu 1941. Gumbo yao ni mchuzi mzito wa kahawia wenye kamba, kaa na soseji, unaliwa na wali. Kuku wa kukaanga naye usimwache. Leah Chase, mpishi wake maarufu aliyefariki 2019, aliwalisha hapo wapigania haki za Weusi, wakipanga mikakati ghorofani.

Mgahawa wa Commander's Palace, mtaa wa Garden District, ni wa 1893: supu ya kobe, wahudumu wanaokuzunguka, kaptula marufuku. Pazuri, lakini bei imechangamka. Bora uende mchana, usiku mfuko utalia. Kote wekeni nafasi mapema.