Misumeno au rola: mashine ipi ichambue pamba?

Mashine ya misumeno ina asili Marekani: Eli Whitney alipata hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1794 kwa mashine yenye meno ya waya, na Hodgen Holmes mwaka 1796 akaleta visahani vyenye meno ya msumeno. Meno huzivuta nyuzi katikati ya mbavu za chuma, mbegu zikabaki nyuma kwa kukosa pa kupita. Kwa kasi haina mpinzani. Lakini hukata baadhi ya nyuzi na kuacha vifundo vidogo, ambavyo hujitokeza kitambaa kikishatiwa rangi.

Mashine ya rola, ambayo Fones McCarthy aliipatia hataza mwaka 1840, haina papara. Rola ya ngozi hushika nyuzi na kuzipitisha chini ya kisu kilichotulia, huku kisu kingine kikigongagonga mbegu zidondoke. Nyuzi hutoka na urefu wake, ndiyo maana pamba ya nyuzi ndefu, kama ya Misri na ya Pima (aina ya Marekani), huchambuliwa hivyo. Baadaye Wamarekani wakaweka kisu kinachozunguka badala ya kile kinachogonga, na kasi ikapanda.

Pamba ya Shinyanga na Simiyu ni ya nyuzi za wastani, tena huchumwa kwa mkono, hivyo haina takataka nyingi. Kwa pamba safi namna hiyo, mimi ningefunga kiwandani mashine kadhaa za rola kwa safu: moja ikiharibika, nyingine zinaendelea. Misumeno ningeifikiria pale tu malori yanapopanga foleni getini msimu mzima.