Google Earth au Sentinel-2: ndege ile ni ipi?

Kutambua ndege ya kijeshi iliyoegeshwa kwenye kiwanja cha porini, mimi naegemea Google Earth. Juzi usiku hapa Kondele, Kisumu, nilipima mabawa kwa rula yake: mita 40, injini 4, kivuli cha mkia kimelala mchangani. Hiyo ni C-130, ndege ya kijeshi ya mizigo. Ingekuwa C-27J, ndege ya mizigo iliyo ndogo zaidi, mabawa yangeishia mita 29 hivi, injini 2 tu. Ubaya wa Google Earth, picha yaweza kuwa ya miaka kadhaa nyuma. Unachungulia ndege iliyokwisha ondoka kitambo!

Sentinel-2, setilaiti za Ulaya za kupiga picha za dunia, ni bure na hupita kila baada ya siku 5, mawingu yakiruhusu, ila nukta moja ya picha ni mita 10 ardhini. C-130 nzima hubaki punje ya mchele. Utajua imefika wiki gani, si ya aina gani.