Nilivyoskaniwa picha za mama za kiwandani

Mwezi uliopita nilipeleka picha 14 za mama kwenye kiduka kimoja cha ghorofani, Tom Mboya Street, Nairobi, wanakoskani picha za zamani. Bei ni shilingi 150 kwa picha, na ukitaka isafishwe unaongeza 200. Nikalipia zote zisafishwe. Siku mbili baadaye nikaletewa flashi.

Niliyoijali zaidi ni ya mwaka 1978, nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja. Wanawake sita wametoka zamu, wamesimama nje ya geti la kiwanda cha mananasi huko Thika, aproni mikononi. Mimi nilipendezwa: mikwaruzo imetoka, nyuso zinang'aa. Mama aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mikono yetu wameipeleka wapi?"

Programu ya kusafisha ilikuwa imelainisha vidole vyote vikawa kama vya watoto.

Nikarudi. Kijana wa pale, namsifu kwa moyo wote, hakubishana wala hakunitoza tena. "Nipe picha yenyewe, tuanze upya." Akaiskani kwa dipiai 1200 (nukta kwa kila inchi, yaani kwa ukali wa juu), hakugusa doa, hakukata kingo. Jioni tukaivuta kwenye skrini, mama na mimi. Ncha za vidole zimechubuka, ngozi imebanduka. Mmoja amefunga kidole gumba kwa kitambaa. Wawili wameficha mikono nyuma, na miaka yote hii nilidhani ni haya za kupigwa picha.

Nanasi bichi lina asidi, na lina bromelini, kimeng'enya kinachovunja protini. Ndiyo maana ukilila sana ulimi unawasha. Sasa fikiria mtu anayechokonoa macho ya mananasi kutwa. "Glavu ikitoboka, maji yanaingia na hayatoki," mama akasema. "Na mkanda wa mashine haukungojei." Akanionyesha pia aliyevaa saa juu ya mkono wa sweta: huyo ndiye aliyekuwa akihesabu mikebe. Saa yenyewe sikuwahi kuiona kabla ya hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu: huduma ya kuskani ni nzuri sana, ya kusafisha msiilipie kama ni picha ya mtu akiwa kazini. Na ombeni mgongo wa picha uskaniwe pia. Pale wanatoza 50, na ni pesa nilizozitumia vizuri kuliko zote, kwa sababu nyuma ya picha ya mama kuna majina sita kwa kalamu ya wino wa buluu.

Nimekuja kuona thamani ya majina hayo baada ya kupitia picha za Maktaba ya Bunge la Marekani, ambazo ziko wazi kwenye intaneti bila malipo. Mpiga picha Jack Delano aliwapiga picha wanawake wakipakia machungwa huko Redlands, California, Machi 1943, na baadhi ni za rangi. Ni picha nzuri mno. Maelezo yanataja mji na kiwanda cha ushirika, hata safari ya reli iliyompeleka mpiga picha. Jina la mpakiaji halimo.

Mama ameniomba nimchapishie ule mgongo kwa ukubwa wa A4. Anautumia kupiga simu. Mpaka jana alikuwa ameshawapata wawili, mmoja yuko Makongeni hapo Thika, na Jumapili tunaenda kumwona.